Nne Kote

Amu, 6 Oktoba 2025

Mama mpenzi,

Assalaam aleikum. Nakubusu mkono. Mgongo umepoa? Mimi si haba, na hapa kwa Shangazi wananilisha kama bibi harusi.

Bi Hadia, mshauri wangu wa kliniki, amenipa karatasi ya maswali kumi ya kupima ninavyopona akili, kila swali alama sifuri mpaka nne. Ukurasa wangu nimejaza. Wa pili ni wako, maana wiki ile baada ya Maulidi nilikuwa kwako. Husni atauleta kwa boti yake. Tukilinganisha ndipo tutajua kama niko tayari kurudi Kipungani na kufundisha tena. Andika ulichokiona.

Mwanao,
Safaa


Kipungani, 9 Oktoba 2025

Mwanangu Safaa,

Waaleikum salaam. Mgongo ni ule ule, alhamdulillahi. Nimejaza, nne kote! Hata kalamu haikusita. Majirani nawaambia uko Amu kwa mafunzo, usiwe na wasiwasi. Na ule ukili wa mkeka uliosuka ulipokuwa hapa umenyooka kama wa zamani. Nimeshaushona kwenye mkeka.

Mamako


Amu, 20 Oktoba 2025

Mama,

Salaam. Natumai u mzima.

Arubaini kwa arubaini! Mimi mwenyewe sikufika ishirini. "Analala vizuri": nne. Mama, si wewe uliyekuwa ukinipikia chai kila alfajiri kwa sababu sijalala?

Bi Hadia hakucheka. Aliniuliza, "Mamako akiona umezidiwa, atakwambia?" Swali hilo liliniumiza.

Tena ule ukili. Mikono ilikuwa ikinitetemeka kwa dawa, nikauacha umepinda, naukumbuka. Nani aliunyoosha?

Naogopa kurudi, Mama. Nikianza kuugua tena utaniona, au utanifunika? Kama ni kunifunika, bora nibaki huku.

Safaa


Kipungani, 24 Novemba 2025

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Usinione kimya. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira nawe, zilizobaki nilikuwa na haya.

Sisi tulilelewa kwamba mtu hamfunui mwanawe mbele za watu. Nikaiona karatasi ile kuwa ni watu. Lakini mficha uchi hazai, nami nimeshakuzaa, sasa nafichani?

Ukili niliufumua mimi. Ulipopanda boti tu, nikausuka upya, nikajisifu kwa kazi yako.

Nimejaza tena, na hii ndiyo kweli. Usingizi, moja. Tumaini, mbili, kwa kuwa uliniuliza bei ya miyaa ya kusukia. Kuomba msaada, nne. Barua yako ile si mchezo. Kwenye "Ana mtu wa kumwendea anapozidiwa" nimeandika sifuri. Hiyo ni yangu, si yako.

Bi Mwanamkisi wa jirani nimemwambia mwanangu aliugua akili, anapona. Akalia. Kumbe nduguye naye.

Ukili wangu nimeutoa kwenye mkeka, pengo liko wazi. Njoo usuke wako. Ukipinda, tutaulalia hivyo hivyo.

Mamako


Amu, 27 Novemba 2025

Mama yangu,

Nakubusu mkono, na mgongo pia. Bi Hadia ameziweka kurasa zetu mbili pamoja. Tumepishana alama tatu tu. Amesema niende, nirudi kliniki kila mwezi.

Naja Jumatatu na Husni. Nitunzie miyaa.

Ile sifuri yako nimeifuta, nikaandika mbili. Si nne, Mama. Mbili.

Mwanao,
Safaa