Mtandao wa Chini Umekata Tena

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu Zayed,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na joto la Maskati halijakuzidi nguvu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila sauti yake bado inafika mpaka kwa jirani. Ujumbe wangu wa simu unausoma na kunyamaza, kwa hiyo nimempa Amira, mtoto wa jirani anayesafiri kuja huko, akukabidhi karatasi hii mkononi. Karatasi haina mahali pa kubonyeza uniondoe.

Kazi yangu unaijua, kufunga boosta, mitambo ya kuongeza nguvu ya mtandao. Jengo lile la Kariakoo ambako Mama ana meza yake ya udi, kule chini ya ardhi, mimi ndiye niliyelifungia boosta yake. Kwa zege lile, simu zilikuwa zinakufa ukishuka ngazi tu. Nikaweka antena juu ya paa, nikateremsha waya mpaka kwenye boosta ndani ya chumba cha mita, na vijiantena darini. Siku naiwasha nilimshika Mama mkono, nikamwonyesha plagi na taa ya kijani, nikamwambia hiki ndicho kitakacholeta sauti ya Zayed mpaka mezani kwako. Alinisifu mpaka nikaona haya.

Nawe hukumwangusha, wakati ule. Kila Ijumaa ukitoka msikitini ulipiga, Mama akaweka spika, na watu wote wa chini wakanyamaza kusikiliza. Selina wa vyombo alikuuliza utaoa lini. Siwema wa mitandio alikutania kwamba wali wa huko umekunenepesha. Hata mzee Sadalla, mlinzi, alishuka kukusalimia. Ilikuwa simu ya jengo zima.

Tangu Idi kubwa hujapiga. Nyumbani sikuuliza, na Mama hakusema. Ila tangu hapo boosta nayo ikaanza kuumwa, na wafanyabiashara wakanijia juu, maana wateja wanataka kulipa kwa simu na mtandao hakuna. Nikapanda paani, nikakuta maji ya mvua yameingia kwenye kiungio cha waya. Nikafunga kipya na kukizungushia utepe. Ikazima tena. Nikakuta mafundi wa tangi la maji wameigeuza antena, imeupa mnara mgongo. Nikairudisha, ikazima tena. Nikadhani labda boosta inajisikia yenyewe, maana antena ya juu ikinasa mawimbi ya zile za ndani, mtambo hupagawa na kujizima. Nikaipunguza nguvu. Wapi. Siku nyingine zote ilifanya kazi vizuri, Ijumaa ikafa wakati wa swala, na alasiri ikafufuka.

Msimamizi wa jengo akaamua kwamba ni mzee Sadalla, anachomoa plagi ili achemshe chai. Mzee aliapa kwamba saa hiyo yuko msikitini, lakini mnyonge hana haki. Akaambiwa ajiandae kuondoka.

Nikasema mtu hafukuzwi kazi kwa boosta yangu. Ijumaa iliyofuata, wanaume walipokwenda kuswali, nikajibanza kwenye stoo inayotazamana na chumba cha mita. Nikamwona Mama anakuja, na goti lake lile, anaburuta kigoda. Akapanda, akachomoa plagi taratibu, akaitundika kwenye msumari isichafuke mpaka alasiri atakapoirudisha. Kisha akarudi mezani, nikamsikia akimwambia Selina kwamba mtandao wa chini umekata tena, na hii ndiyo saa ya Zayed, maskini atakuwa anahangaika kupiga.

Nililia mle stoo, Kaka, nimejiziba mdomo kwa mtandio.

Mama sikumwambia kitu. Nilikwenda kwa msimamizi nikasema kosa ni langu, soketi niliifunga ikalegea. Alinisema maneno ambayo sitayaandika. Nikaikaza mbele yake, na boosta na plagi nikavifungia ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Sadalla akabaki na kazi yake, nami nikajiona nimemaliza. Sikufikiri kwamba nimemnyang'anya Mama kisingizio chake.

Juzi Ijumaa mtandao ulikuwa na nguvu kamili. Swala ikaisha, watu wakarudi kwenye meza zao. Simu ya Mama ilikuwa kati ya vichupa vya manukato, na Selina, bila ubaya wowote, akauliza kama leo Zayed hapigi. Mama akaitazama simu. Kisha akaichukua, akaiweka sikioni, akaanza kuzungumza nawe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na kioo nilikiona. Kilikuwa cheusi, wala simu haikuwa imeita. Akakuuliza umekula nini. Akakuonya usilale na kiyoyozi. Akawaambia wenzake kwamba una mafua, sauti imekauka, ndiyo maana leo haweki spika.

Selina alinitazama, akaelewa. Siwema naye akaelewa. Hakuna aliyecheka. Walisogea mmoja mmoja pale mezani wakakutumia salamu, na Mama akazisema zote kwenye simu ile iliyozima, akisikiliza, akitikisa kichwa, akiwapa majibu yako.

Kaka, kama umepoteza kazi, sema. Kama umeoa bila kutuambia, sema, tutapika pilau. Kama umekasirika, nitukane mimi. Kuanzia paani mpaka kwenye meza ya Mama naweza kutengeneza chochote. Huko kwako ndiko mkono wangu usikofika.

Namalizia kwa salamu, nazo si zangu, ni zile za Ijumaa. Nazileta mimi kwa kuwa simu haikuzileta. Selina anakusalimu, anasema unywe tangawizi. Siwema anakusalimu, anauliza kama bado unanenepa. Mzee Sadalla alishuka, akavua kofia, anakusalimu na kukuombea dua. Mama hajui kwamba nakuandikia. Yeye amewaambia watu kwamba salamu zako amezipata, na kwamba umeahidi kupiga Ijumaa.

Ni mimi mdogo wako,
Zeina