Pasha Miguu Kwanza

Dada Hawa,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, wala hutaniuliza kama nimekunywa chai. Nakusalimia hivyo hivyo kwa sababu nimezoea.

Wilayani wamenitaka niandike barua ya kujieleza kwa nini zahanati yetu ni nyekundu. Nimekaa hapa dirishani, kwenye ile meza yako inayoyumba, nikaandika "Yah:" nikapiga mstari chini yake, na hapo hasira zikanipanda. Nijieleze nini? Wewe ndiye uliyenitia kwenye mambo haya. Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza, wao watasubiri.

Kipimo chako kimekuja. Ndiyo, kile kibanio cha kupimia oksijeni, ulichokiomba kwenye kila kikao mpaka wakubwa wakawa wanakukwepa kwenye korido. Kimekuja baada ya arobaini yako. Watu ndiyo kwanza walikuwa wametawanyika kutoka kwenye hitima, sufuria za watu hazijarudishwa bado, gari likapanda mlima na boksi. Nilisaini, nikaingia chumba cha sindano, nikafunga mlango, nikalia. Ungengoja kidogo tu, Dada. Kidogo tu.

Hakikuja peke yake, kimekuja na kishikwambi. Mtoto akiletwa na kikohozi, unafungua jina lake, nacho kinakuuliza swali moja moja: anapumua mara ngapi kwa dakika, kifua kinabonyea au hakibonyei, oksijeni ni ngapi. Ukishajibu kinakuambia cha kufanya. Sitakudanganya, ni kitu kizuri. Ungelala nacho kitandani. Yale tuliyokuwa tunayasahau foleni ikituzidi, chenyewe hakisahau. Shida ni kwamba kina saa. Kinahesabu muda tangu umefungua jina la mtoto mpaka umelifunga, habari zote zinakwenda wilayani, na huko wameweka skrini ukutani yenye rangi. Kijani ni wa haraka. Nyekundu ni sisi.

Sasa sikiliza upuuzi wenyewe. Unazijua asubuhi zetu. Mama anakuja na mtoto mgongoni, kanga imembana vizuri, miguu miwili inaning'inia nje kwenye ukungu. Akifika hapa, miguu hiyo ni kama imetolewa mtoni. Na kibanio kinabanwa kwenye kidole cha mguu. Kidole kikiwa na baridi, mashine haiisomi damu vizuri, inatoa namba ya chini, na kishikwambi kinawaka chekundu: RUFAA SASA. Mtoto mwenyewe anatafuna ndizi na kunichekea. Lakini kwenye mafunzo tuliambiwa tusibishane na mfumo. Basi watoto wakapakiwa kwenye bodaboda, kwenye utelezi ule, mpaka Morogoro mjini. Huko chini kuna joto, miguu ikapata moto njiani, wakapimwa, wakaonekana wazima, wakarudishwa na mafua yao.

Asubuhi moja kabla watu hawajafika nilijibana kidole changu mwenyewe. Unanijua, mimi mtu wa joto la Turiani, miaka yote hii baridi ya milima yenu haijanizoea. Kikanipa rufaa! Nimesimama na fagio mkononi, mzima wa afya, na mashine inataka nikimbizwe hospitali. Nikashika kikombe cha chai mpaka vidole vikalegea, nikapima tena, nikapona. Niligeuka kukutafuta nikuambie, mdomo ulishafunguka kabisa.

Nikampigia kijana anayesimamia mfumo. Ana adabu, lazima aanze na shikamoo. "Sista, mbona kwenye mwongozo imeandikwa, pasha kiungo joto kwanza ndiyo upime." Nikamwuliza, je, saa inasimama wakati napasha? Akajibu: "Hiyo saa ni ya timu nyingine, Sista." Timu nyingine! Kwa hiyo ukipima upesi unapata namba ya uongo na unakuwa kijani, ukipasha miguu unapata namba ya kweli na unakuwa mwekundu. Nililisema hilo kwenye kikao, nimesimama mbele ya skrini yao. Wakaniambia changamoto yangu imechukuliwa, tukaenda kunywa soda.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonikosesha raha ni la Mwajuma. Unamkumbuka, mtoto wake Shabani ulimpokea wewe kwa mikono yako. Shabani alipewa rufaa ya bure mara mbili, na mara zote mbili aliyewashusha mjini ni mjomba wake, Ramadhani, kwa pikipiki yake. Unajua hapa kwenu mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba akisema hapana ni hapana. Baada ya ile safari ya pili Ramadhani alisema hapana. Alilisemea kijiweni, kwa sauti, na abiria wake wakalipeleka kila kitongoji. Kina mama wakaanza kupita hapa mlangoni bila kutuangalia, wanakwenda dukani kununua dawa ya kikohozi. Kazi yako ya miaka yote ya kuwavuta waje kwetu, Dada, niliiona inamwagika hivi hivi.

Masika yalipochanganya, Mwajuma alikuja. Shabani alikuwa anahema, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nilimketisha mama yake karibu na jiko la chai, nikaingiza ile miguu ndani ya kanga, nikangoja, kishikwambi pembeni kinahesabu na kulialia. Nikapima. Namba ya chini. Nikapasha tena, nikapima tena, ya chini vilevile. Nikamwambia, Mwajuma, safari hii ni kweli. Akaangalia mlangoni. Ramadhani alikuwa amesimama pale na koti lake la mvua, hata ndani hakutaka kuingia.

"Sista, hiyo mashine yako imeshatudanganya mara mbili. Mimi siwashi pikipiki."

Nilitaka kumpigia kelele, maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Hapo ndipo nilipokusikia: "Waonyeshe." Ile tabia yako! Huwezi kupima joto bila kumgeuzia mama kipimo asome mwenyewe, foleni imefika barabarani, mimi nakukonyeza harakisha, wewe unamwuliza mama, unaona imefika wapi? Nikikulalamikia unanijibu, "Namba ni ya mtoto wake, siyo yangu."

Nikamwambia Ramadhani, lete kidole. Mikono yake ilikuwa ya baridi kali, ametoka kwenye mvua. Nikabana, nikamgeuzia asome: kwa mashine hii, kaka, wewe ulitakiwa uwe umelazwa. Akashtuka, akataka kucheka, akajizuia. Nikamwelekeza kwenye jiko. Akapasha mikono kwa hasira, nikabana tena, namba ikapanda ikawa ya mtu mzima wa afya. Halafu nikamshikisha mguu wa Shabani. "Una baridi?" "Hapana. Una joto." Nikabana mbele yake, tukainama wote watatu kuangalia. Namba haikupanda. Tuliingoja, Dada, mimi mwenyewe niliyeshaiona mara mbili niliingoja, na haikupanda.

Nilipokuwa namchoma Shabani sindano ya kwanza, Ramadhani alikuwa anavua koti. Akamfunika dada yake na mtoto, akawasha pikipiki, akashuka mlima na shati tu, mvua inampiga.

Siku ile sikufanya kazi ya maana. Niliwahudumia watu, ndiyo, lakini masikio yalikuwa kwenye simu. Jioni akapiga. "Sista, wamemwekea oksijeni. Kifua kimetulia. Amenyonya." Nilimshukuru nikakata upesi.

Na unajua ni mtoto gani aliyetuangusha kule ukutani? Shabani. Wanasema huduma yake imechukua muda mrefu kuliko kawaida mpaka mfumo ukadhani nimesahau kuifunga. Hiyo ndiyo ninayotakiwa kuielezea.

Lakini hata wewe nina ugomvi na wewe, usidhani utasalimika kwa sababu umelala. Mtu aliyependa vipimo kama wewe sijamwona. Ulimpima kila aliyekanyaga hapa, hata yule fundi aliyekuja kuziba bati ulimkalisha. Ila nikikuambia kaa na wewe nikupime presha, unapunga mkono: "Presha yangu naijua." Hukuijua, Dada Hawa. Hukuijua, na mimi ndiye niliyekukuta chini mlangoni kwa stoo, funguo ziko mkononi. Nimekukasirikia tangu siku ile, na sina wa kumwambia, kwa sababu niliyezoea kumwambia mambo ya namna hii ni wewe.

Wiki hii Mwajuma amekuja kliniki. Shabani amenenepa, ameota jino, amevaa soksi za mjomba zimevutwa mpaka mapajani, na miguu yote miwili imefungwa ndani ya kanga. Nikatazama benchi. Karibu kina mama wote wamefunga watoto hivyo hivyo. Kumbe Ramadhani hampakii tena mama mwenye mtoto bila kumwambia, "Ingiza miguu ndani, Sista atashindwa kupima." Mwajuma akanisogezea mguu ukiwa wa moto. "Nimeshampasha njiani, Sista. Pima haraka, wasije wakakugombeza tena."

Nikabana. Namba ikatoka hapo hapo, nzuri. Sasa tutakuwa kijani, utaona, na watasema ni mfumo. Wataniita mbele wanipigie makofi, na timu nyingine itapiga picha.

Wakipiga makofi nitamtaja Ramadhani, na wewe nitakutaja. Barua yao nitaiandika nikimaliza hii, haitakuwa ndefu: nitawaeleza kwamba nilikuwa napasha miguu ya mtoto, na kwamba nitaipasha tena. Ninachokuahidi wewe ni hiki: kila namba itakayotoka hapa nitaigeuza, mwenye mtoto aione kabla ya mtu wa ukutani.

Na kile kiti ulichokikataa, mimi nimekikalia. Nimejipima presha asubuhi hii, Dada. Iko juu kidogo. Nusu ni yao, nusu ni yako. Nitakwenda kutibiwa.

Pumzika, dada yangu. Huko uliko Mungu akupe joto.

Mdogo wako,
Eliza