Nimeazima Wanakwaya Wajifanye Vijana Wetu

Mama Mshauri Yosefina, shikamoo. Naomba unishauri kabla ya Ijumaa maana usingizi sina, mimi ni msimamizi wa kituo kidogo hapa Ifakara, vijana wenye ulemavu wa akili wanashinda kwetu wakipepeta na kuchagua mchele wa wakulima wa kijiji cha Mofu, na miaka yote tulikuwa na wafadhili wa Ulaya wasio na makuu, ukiwatumia picha na salamu za Krismasi wameridhika, sasa mwaka huu wameandika kwamba vipaumbele vyao vimebadilika, basi nikapata shirika jingine, hao wanataka "vijana wajasiriamali wanaojieleza", na mimi kwa njaa ya kituo nikajaza fomu kwamba tunao, tena thelathini! Ijumaa wanakuja kuwaona.

Nikaazima wanakwaya wa kigango, nikawavika fulana za kituo, wazazi wa vijana wetu nikawaambia siku ya mazoezi na ya wageni wabaki nao nyumbani wapumzike, na Jumamosi tukafanya mazoezi, weee Mama, Joachim wa besi hajui hata ungo unashikwaje, mchele wote chini, kuku wakala sikukuu, mara akaingia Kandida wetu, miaka tisa yuko nasi, kuhesabu hadi kumi hawezi lakini jiwe halimpiti, akamnyang'anya ungo akamwonyesha, wanakwaya wakapiga makofi, nami nikamshika mkono nikamtoa nje ya geti. Akaniuliza, "Dada Angelina, nimekosa nini?" Mama yake anasema tangu siku ile hali chakula vizuri. Nikisema ukweli kituo kinafungwa. Niendelee au niache?

Angelina, Ifakara

Marahaba, Angelina, na hongera sana. Umeokoa kituo cha vijana wenye ulemavu kwa kuwaondoa vijana wenye ulemavu. Akili kubwa hiyo! Na wageni wakimwomba Joachim apepete, atawaimbia?

Pole lakini, nasema kwa moyo. Kuachwa na mfadhili kwa barua moja baada ya Krismasi zote zile kunauma, na najua hukutaka kula hela ya mtu. Ila usisingizie njaa ya kituo. Kumtoa Kandida nje mbele za watu hukutumwa na mtu, na hilo limenikera kuliko fomu yako yote.

Sasa sikiliza. Leo hii, kabla hujabandika hata chai, nenda kwa kina Kandida. Mwamkie mama yake, kisha mwambie Kandida mwenyewe, mama akisikia, kwamba hakukosa kitu, uliyekosa ni wewe. Usijifiche nyuma ya soda na biskuti. Ukitoka hapo wapigie wale wa shirika, waambie fomu ulijaza uongo, na vijana ulionao ni hawa, waje au wasije. Wanakwaya wavue fulana. Wenye moyo wabaki kubeba magunia.

Shirika likisusa, panda bodaboda uende Mofu. Wale wakulima wanauza mchele usio na jiwe kwa jasho la vijana wako, na hukuwahi kuwaomba hata debe moja, maana kwako Ulaya ilikuwa karibu kuliko Mofu. Omba kikao, uende na Kandida na ungo wake. Pengine watakachotoa hakitatosha, mfungue siku tatu tu kwa wiki. Basi fungueni hizo tatu, na Kandida awe ndani.