Aksanti mbele ya kufungua macho

Nadège, mujukuu wangu,

Bonane, heri ya mwaka mupya! Huku Kisangani tuko wazima, na mutoto wa dada yako ameota jino.

Unaniuliza kama mimi, muchoraji muzee, naamini kweli desturi yangu ya Bonane: kufunga macho, kupiga mustari wa kwanza wa mwaka, na kusema aksanti mbele ya kuangalia.

Bon, nilijifunza kwa tonton wangu, ndugu ya baba, aliyepaka rangi pirogi, ile mitumbwi ya mutoni. Bonane moja mustari wake ulipinda vibaya ubavuni mwa pirogi mpya. Mwenye pirogi, mama mumoja wa Isangi, akashtuka.

“Tonton, hii iko bahati mbaya! Sitapanda humo.”

Tonton alikuwa bado amefunga macho. Akacheka.

“Mama, aksanti nimekwisha kusema. Sasa tutafute ni ya nini.”

Mama akainama, akaangalia, akaangalia tena.

“Kumbe iko mugongo wa samaki!”

Tonton akafungua macho, akaongeza jicho la samaki tu, na mama akapanda.

Kama naamini? Sijui, Nadège. Lakini mustari wangu wa mwaka huu umetoka wa ajabu, na tangu asubuhi ninauzunguka. Nimekutumia picha kwa simu.

Aksanti nimekwisha kusema. Wewe unaona nini?

Koko wako