Waya wa Mota ya Tatu

Adela, mwanangu,

Marahaba. Shikamoo zako tatu zilifika kwenye simu yangu, nikazisoma, nikanyamaza miezi miwili. Mzazi asiyeitikia salamu ya mwanawe ametenda kosa, unisamehe. Nilikulaumu mbele ya watu wa hapa kijijini Nyakisasa, kwa hiyo barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka.

Unakumbuka tulivyoiunda droni ya kufukuzia ndege katika mtama wa shangazi yako Veneranda? Mimi nilichonga mbao za mikono yake, wewe ukaunga nyaya. Siku ya kwanza mota ya tatu ilizunguka kinyume. Ukazibadilishia nafasi nyaya zake mbili, ikageuka, ukacheka: "Umeona, Baba? Haikuhitaji kiboko."

Siku nyingine mota hiyo ilitetemeka tu, haikuzunguka. Ukanifundisha mimi, mwalimu mstaafu: "Tuihamishie mahali pa mota ya kwanza. Ubovu ukiifuata, mota ndiyo mbovu. Ubovu ukibaki pale pale, tutafute kwenye waya."

Ubovu ulibaki. Waya mmoja ulikuwa umeachia, na risasi ya kulehemea ilikuwa imekwisha. Ukaenda Benaco kuitafuta, ukaniambia nisiguse kitu. Uliporudi nilikwambia nimekwisha kuunga.

"Kwa risasi ipi, Baba?"

"Ya zamani. Unanihoji?"

Ukaiacha droni kama ilivyo, kwa adabu niliyokufundisha mwenyewe.

Kesho yake droni ilipanda juu ya mtama, ikainama upande mmoja, ikamwangukia shangazi yako. Mapanga yake yanayozunguka yakamkata mkono wa kulia. Mimi nikasema, watu wakisikia: "Adela hakuunga vizuri." Shangazi yako akasema usikanyage ua wake mpaka mkono upone, nawe ukaenda Biharamulo kwa mjomba wako.

Mkono haukupona. Vidole viwili vimekuwa vyeusi, na harufu yake hutangulia mlangoni kabla yake. Hunisalimia kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi.

Jana niliitoa droni stoo. Nilifuata somo lako: nikaihamisha mota, ikazunguka vizuri, nikaweka nyingine mahali pake, ikatetemeka. Nikapasua gamba la mkono wa tatu wa droni. Ndani mlikuwa na ukanda wa mpira wa baiskeli, umeyeyuka, umegandia nyaya kama lami. Hapakuwa na risasi, ya zamani wala mpya. Niliufunga mimi, kwa fundo lile lile ninalofungia magunia ya maharage, nikiamini kwamba kinachoshika gunia hadi sokoni kitashika waya. Halafu nikakudanganya.

Jumapili baada ya misa ukoo utakaa kwa shangazi yako. Nitauweka mkono ule wa droni mezani, na fundo langu ndani yake. Kila mtu hapa analijua.

Jambo moja hulijui. Wana wa shangazi yako wameapa kwamba aliyeunga waya ule hatalala tena katika kijiji hiki. Waliapa mbele yangu, wakidhani ni wewe, nami nikainamisha kichwa. Tangu jana, wakipita njiani, nahesabu hatua zao mpaka zipotee.

Usije kwanza, hata ukiitwa na mtu mwingine. Ukoo ukishaamua, nitakuandikia, popote nitakapokuwa.

Baba yako