Santuri ya Darlène

Jumamosi, 13 Septemba 2008

Darlène kaja mchana na santuri yake. Kubwa, nyeusi, ile ya zamani kabisa ya kuwekea sindano — eti ndiyo vijana wanayoitaka siku hizi. Mimi niliacha gramafoni kwetu Uvira nikakimbia na roho yangu, sasa binti yangu ananiletea santuri hapa Tensta, Uswidi, ambako sina pa kuipigia. Akacheka, akatoa na sidii.

Bendi yao inaitwa Tvättid, yaani zamu ya kufulia. Nani anaita bendi zamu ya kufulia? Juu ya jalada kuna picha ya mlango wa ghorofa usio na jina, na santuri yenyewe inaitwa Utan adress. Bila anwani.

Nyuma wameandika kwaya yetu ya kanisa, na mimi nimo: mwongoza kwaya, Bonaventure. Mwezi wa tatu Darlène alituomba tumwimbie wimbo mmoja kwenye studio ya chini ya jengo kule Vällingby. Nilidhani ni kazi ya shule ya muziki. Sikuuliza. Mtoto akiomba kwaya ya baba yake, baba anauliza nini? Alitaka wimbo wa matanga tu. Nilikataa, kwa sababu wimbo ule hauimbwi hovyo, huimbwa baba mwenye msiba akishasema neno lake. Mke wangu Léontine, ambaye kwa mambo ya kanisa ni mkali kunishinda, akasema mpe mtoto. Wamama wakakubali. Tukaenda, tukaimba, tukanywa kahawa yao.

Nimesikiliza nyimbo mbili za mwanzo. Ni kama mapipa ya taka yanabingirishwa ngazini na kuna mtu ndani ya pipa. Huyo mtu ni binti yangu. Niliyemfundisha sauti ya kwanza! Nimezima. Nina zamu ya basi saa tisa.

Jumatano, 15 Oktoba 2008

Imekuwa habari. James, Mkenya tunayeendesha naye basi za Spånga, kaja na gazeti kwenye chumba cha chai. Kanisomea, kanifasiria. Muziki wenyewe unaitwa hardcore. Nyimbo zake huwa fupi, dakika moja au mbili, hasira halafu basi. Hawa wameruka ua. Wimbo wa mwisho umechukua upande mzima wa santuri, unaenda polepole, una kimya ndani yake, una wanawake wa Kiafrika wanaoimba. Mwandishi anasema hajui kama bado auite hardcore, ila anajua bendi zote zitauiga. James ananiita baba wa staa.

Jioni, kituo cha Spånga, kapanda kijana wa Kiswidi kavaa fulana ya Tvättid. Nilitaka kumwambia anayeimba humo ni binti yangu. Nimefunga mlango, nimeendesha.

Nimefika nyumbani, simu ya mchungaji Callixte. Kasikia kwaya imeingizwa kwenye muziki wa makelele. Wazee watakaa. Najua maana yake: nidhamu. Huli meza ya Bwana, unakaa benchi la nyuma, na kama unaongoza kitu unakiacha kwanza. Hiyo kwaya ndiyo kitu pekee nilichonacho katika nchi hii ambacho si cha kupanga.

Jumapili, 19 Oktoba 2008

Leo kanisani sikuwaelewa watu. Mama Vénantie, yule Mrundi wa sauti ya pili, mjukuu wake kampigia santuri nzima nyumbani. Baada ya ibada kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza.

“Pole sana, Baba Vainqueur.”

Nikamwambia tumwombee Darlène, ni ujana, utapita. Kaachia mkono. Halafu Nicole wa kwaya kamkumbatia Léontine kule kwenye makoti, hakutaka kumwachia. Halafu wengine. Pole, pole, pole, kwa sauti ya chini. Hata waliokuwa wananitania juzi. Aibu ya sidii moja inataka pole zote hizo?

Kwenye metro Léontine kageukia dirisha. Nimemuuliza kama anaumwa. Kasema hapana.

Jumanne, 28 Oktoba 2008

Sikuwa na kazi leo. Léontine alikuwa zamuni. Nimeuweka wimbo wa mwisho, nijue wazee wanakalia nini.

Kweli ni kitu kingine. Gitaa linatoka mbali, ngoma moja moja, unangoja mapipa na mapipa hayaji. Kisha vyote vinakoma. Namsikia mtu anawapa wamama noti. Ni mimi. Wanaanza, na wanaimba vizuri, siwezi kusema uongo. Katikati yao anaongea Darlène, hapigi kelele, na anaongea Kiswahili, yeye ambaye mezani hapa hunijibu Kiswidi. Anasema: ndugu yetu Vainqueur, mtoto wa kwanza wa Bonaventure na Léontine. Alizaliwa Uvira. Alikufa njia ya Fizi, mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na sita. Hakuzikwa.

Kisha ndipo anapiga kelele. Jina tu. Juu ya kwaya, tena na tena, mpaka sauti inapasuka.

Wamemzika mwanangu. Na mimi ndiye niliyeinua mkono waanze.

Vainqueur hakufa! Alipotea. Njia nzima ilikuwa watu, risasi zinatoka milimani, kila mtu na mzigo wake, alikuwa nyuma yetu na baadaye hakuwa nyuma yetu. Ndilo ninalolijua. Kila mwaka naenda Msalaba Mwekundu na wananiambia bado. Bado ni bado. Ndiyo maana sikuruhusu matanga, wala Tanzania kambini, wala hapa. Kuna waliojaribu kuniita Baba Darlène, eti wasinitoneshe. Niliwakatalia usoni. Mimi ni Baba Vainqueur.

Sasa nazielewa zile pole. Nimekaa jikoni, sijala, nina hasira.

Ijumaa, 31 Oktoba 2008

Nimemwita Darlène, kaja. Hana sauti. Ametoka kuimba Malmö na sijui wapi, ananong'ona tu. Nimemwambia aitoe ile sehemu. Kanijibu kwa Kiswidi kwamba haitoki, iko madukani, iko majumbani mwa watu. Nikamwambia hukuwa na ruhusa, kutangaza msiba ni kazi ya baba. Akasema hiyo kazi ameingoja tangu akiwa na miaka sita.

Akasema tena. Kwamba alikuwa ameshika shati la kaka yake. Kwamba alimwona anaanguka, akaona damu, na watu wakambeba yeye wakakimbia naye. Kwamba alituambia usiku ule ule na mimi nikamwambia nyamaza.

Ndiyo, nilimwambia nyamaza. Mtoto wa miaka sita anajuaje aliyeanguka na aliyekufa?

Nikamgeukia Léontine anisaidie. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa.

“Miye nilijua. Ni miye nilimwambia aombe ule wimbo. Uniache nilie mutoto wangu, Bonaventure.”

Tangu tuoane hajawahi kuniita kwa jina langu.

Hawaoni. Nikikubali, mimi ndiye ninayemuua. Wao wamelia, mimi ndiye nitakayekuwa nimesema amekufa. Na akitokea kesho na mguu wake ule mbovu tangu utotoni, ana mke, ana watoto, akakuta tumeshamlilia na kula wali wa matanga yake, nitamwangaliaje?

Jumapili, 2 Novemba 2008

Sikwenda ibada. Mara ya kwanza tangu tufike Uswidi. Nicole kaongoza kwaya.

Jana, siku yao ya marehemu, Waswidi waliwasha mishumaa makaburini kwao. Léontine naye alitoka na mshumaa kwenye mfuko. Sijui kauweka wapi. Sisi hatuna kaburi hapa, hatuna popote.

Alhamisi, 6 Novemba 2008

Mchungaji Callixte kaja mwenyewe. Hakuna nidhamu. Wazee wamekaa wakausikiliza wimbo wote, na mzee Zacharie alitoka nje kabla haujaisha. Wameamua si dhambi, ni kilio. Nikamuuliza, makelele yale? Ndiyo, kasema, huko kwetu hukuwahi kusikia mtu analia? Anachotaka kujua ni siku ya matanga.

Ningefurahi. Kwaya imerudi mkononi mwangu. Badala yake nimemwambia Jumapili nitasimama mbele ya kanisa lote niseme nyumbani kwangu hakuna msiba, ni mtoto aliyeropoka kwenye muziki. Kanywa chai yake. Kasema kama ndivyo nilivyoamua, nafasi nitapewa. Ameondoka bila kuniombea.

Jumamosi, 8 Novemba 2008

Maneno ya kesho nilikuwa nayo tayari. Mafupi. Asubuhi Léontine alikuwa anasukuma makochi ukutani, nikadhani anapiga deki.

Kengele saa tano. Nimechungulia: wamama wa kwaya, ngazi nzima. Masufuria, gunia la mchele, viti vya kanisa. Mama Vénantie kajifunga kitenge kiunoni. Sikufungua. Léontine kanipita, kafungua.

Wameingia bila salamu ya kawaida, wameketi chini. Darlène kaja nao, kalala kichwa kiko mapajani mwa mama yake. Hata Muiraki wa ghorofa ya juu kashuka kuuliza kuna nini. Nicole kamwambia. Kavua viatu, kaingia, kakaa.

Mimi niko chumbani, nimejifungia. Huko nje hakuna anayelia, hakuna anayeimba. Wanajua utaratibu. Baba ndiye anayefungua kinywa: marehemu ni nani, alikufa lini, alikufaje. Bila hivyo hawaanzi. Hata jikoni hawajawasha moto. Nasikia tu mtu anakohoa, na bomba la maji ya moto ukutani.

Nimewaambia kupitia mlango warudi makwao, nitaeleza kesho kanisani. Nikasikia hatua, kisha Mama Vénantie, karibu kabisa.

“Baba Vainqueur, hatukuje kukusukuma. Ukiwa tayari utatuambia.”

Nikamuuliza, na kama leo siko tayari?

Kasema hakuna haraka, wamekuja na magodoro.