Potwe wa sekunde kumi

Jovina, leo nimeumbuka.

Yule papa potwe wangu, sanamu niliyoiunda kwa ndara kuukuu, tumemzindua hapa Kilindoni. Mwenzake yuko Jibondo. Unabonyeza pezi, unaongea sekunde kumi, sauti inatokea kwa mwenzake kupitia intaneti.

Wageni wamejaa, tunangoja habari za Jibondo.

Akaanza Bi Mwanahija, kutoka huko Jibondo: "Hamjambo huko? Habari za nyumbani? Wazee hawa—" Ikakata.

Wa pili, salamu. Wa tatu, salamu. Mpaka wa saba, SALAMU TU.

Bosi Mathias kanuna. "Tekla, hakuna hata mmoja mwenye la kusema? Mradi huu naufunga. Hebu nipishe, niwaulize mwenyewe."

Akabonyeza pezi.

"Jibondo, hamjambo? Poleni na jua. Watoto wazima? Na wale—"

Ikakata.

Jovina, akanigeukia taratibu.

"Weka dakika tano."